Maua ya Vlasta Yaliyong'olewa Makaburini

S.L.P. 41,
Lhota, karibu na El Campo,
Texas.

6 Novemba 2023

Mpendwa binti yangu Ludmila,

Pokea salamu za nyumba hii ya babu yako, ambayo bado imesimama ingawa paa la upande wa kuku limeanza kulegea. Natumaini barua yangu inakukuta u mzima, wewe na Rogelio na Josefina. Je, mguu wa Rogelio umeunga vizuri tangu alipoanguka ngazini? Na kikohozi cha Josefina kimekwisha? Mwambie asiache asali na limau, hata akisema amechoka nayo.

Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Joto limepungua huku tangu Jumanne. Pamba yote imeshavunwa, na malori ya kinu hayapiti tena mbele ya nyumba, kwa hiyo tunalala vizuri.

Shangazi yako Vlasta bado tunaye. Nasema hivyo kwa sababu sipendi kukuficha. Ile saratani ya ini waliyoiona mwezi wa Juni haikusikia dawa yoyote. Daktari alisema tukifika naye Krismasi tushukuru. Muuguzi huja kila siku mbili. Ngozi yake imekuwa ya manjano, na chakula anachokikubali ni supu nyepesi na nusu ya kolachi, andazi letu la plamu, nayo huila zaidi ili kunifurahisha mimi. Akili yake ni ileile. Asubuhi hii amenigombeza kwa kuchanganya soksi.

Nina ombi, na ombi hili ni lake. Ule mche wa maua yake uliouchukua mwaka 2020 baada ya maziko ya kaka yangu, baba yako, ambao uliniandikia kwamba sasa umekuwa kichaka kizima uani kwako, ung'oe. Usiukate tu. Utoe na mizizi, uufunge kwenye mfuko, uutupe na taka. Usiuweke kwenye mboji wala usimpe mtu mbegu zake.

Na kuna zito zaidi. Ule uliokuwa juu ya kaburi la baba yako tumekwisha kuung'oa. Ilikuwa tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, na aliyeshika sepetu ni mimi. Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu niliogopa utasema nini. Sasa nakueleza yote kwa mpangilio, kama nilivyoyaandika kwenye shajara, ndipo uhukumu.

Unakumbuka bustani ilivyoanza. Vlasta alipostaafu jikoni pale shuleni mwaka 2012, alisema hawezi kukaa akitazama ukuta. Akasafisha uwanja nyuma ya banda la kuku, akataka iwe bustani ya vipepeo na nondo. Alisoma vitabu vyote vya maktaba ya El Campo. Alinifundisha kwamba kipepeo anahitaji vitu viwili, ua la kunywa yeye mwenyewe na jani la kuliwa na watoto wake, na kwamba watu wengi hupanda la kwanza na kusahau la pili. Wale wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, tunaowaita wafalme, hawatagi mayai popote ila kwenye mimea ya jamii moja tu, ile yenye utomvu mweupe kama maziwa. Ya porini kwetu ipo, lakini ni mifupi, haina sura, na hupotea ardhini kila majira ya baridi. Dukani akaona nyingine yenye maua mekundu na manjano, inayochanua hata Krismasi. Akanunua miche mitatu. Kutoka kwa hiyo mitatu ikatoka yote.

Ile desturi ya makaburini ilianza na kifo cha Ludvik Bartosh, mwaka 2014. Vlasta alimpelekea mjane wake, Anezka, chungu kimoja chenye viwavi wawili. Anezka akaupanda mche kaburini. Mwaka uliofuata kila aliyefiwa parokiani alitaka chungu chake. Padri akakubali kwamba Siku ya Marehemu Wote, baada ya kuwasha mishumaa, Vlasta afungue visanduku vyake na kuwarusha wafalme aliowalea mwenyewe. Ulikuwepo mwaka 2020, uliona watu walivyolia. Hakuna tena aliyekumbuka jina la mmea. Parokia nzima iliuita maua ya Vlasta.

Majira yetu ya baridi, kama ujuavyo, ni mafupi. Lakini ikija baridi ya kweli, Vlasta aliyafunika maua yake kwa mashuka. Februari 2021, umeme ulipokatika siku nne na mabomba yakapasuka, alichukua hata mablanketi ya kitandani mwangu. Jirani yetu Emil Hlavac alisimama uzioni akicheka. "Alois, umeolewa na dada yako au na magugu yake? Maana naona magugu yamelala pema kuliko wewe!" Nililala na koti. Maua yalipona, na tulijisifu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mimi nilikaa miaka thelathini na mmoja nikiwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba, na kuandika ni maradhi yangu. Tangu mwaka 2016 nimeandika kila kipepeo aliyetoka kwenye tundu la wavu ambamo Vlasta huwalea, tarehe, saa, na hali yake. Baadhi walitoka na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyoloa, yasiyofunguka. Wengine walishindwa hata kutoka, wakafia nusu ndani. Vlasta alisema kila mama hupoteza mtoto, na mimi nikaandika "kilema" na kuendelea.

Jumapili tarehe 10 Septemba walitoka saba, na saba wote walikuwa vilema. Vlasta alikuwa amelala, hakuwaona. Niliwafunika kwa kitambaa, nikakaa mezani na madaftari yangu, na kwa mara ya kwanza nikajumlisha. Mwaka 2016 walitoka arobaini na wanane, kilema mmoja. Mwaka 2019, sabini na mmoja, vilema tisa. Mwaka jana themanini, vilema thelathini na mmoja. Mwaka huu, hadi siku ile, sitini na wanne, na vilema arobaini na sita. Kila tarakimu niliiandika kwa mkono wangu, Ludmila. Nilikuwa naandika, sikuwa nasoma.

Nilimpelekea watatu Bi Rosalinda Cantu, mwalimu wa biolojia wa sekondari. Alibandika seloteipu tumboni mwa mmoja, akaibandua, akaiweka chini ya hadubini na kuniambia nitazame. Kulikuwa na vidoa vyeusi vingi kama mbegu za kasumba zilizomwagika juu ya mkate. Akaniambia ni kijidudu kinachoishi ndani ya kipepeo na kumwagika kama vumbi juu ya majani, na kiwavi hulila vumbi hilo pamoja na jani. Mmea wa porini ukifa wakati wa baridi, vumbi hufa nao, na mwaka mpya huanza na majani safi. Ule wetu haufi. Majani yaleyale hubaki, na wafalme wanaoyaona husahau safari ya Meksiko, hubaki hapahapa, na kuambukizana mwaka hadi mwaka.

Nikamwuliza, "Na ukifunikwa kwa blanketi wakati wa baridi?"

Alinitazama kwanza kuona kama natania. "Basi, Mzee Alois, mmekuwa mnaufunika ugonjwa usipate baridi."

Nikamwuliza pia kuhusu wale tunaowarusha Siku ya Marehemu. Akasema tarehe hiyo ndiyo wazima kutoka kaskazini wanapita kwetu kwa wingi, na hutua kunywa kwenye maua yaleyale. Nikachukua kofia yangu, nikarudi nyumbani.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia shangazi yako. Emil nilimwambia, kwa sababu mtu hawezi kubeba jambo kama hilo peke yake. Tulikuwa tumeketi kwenye pikapu yake. Akasema, "Mwache afe na furaha yake, bwana. Akishazikwa, wewe chukua sepetu ufanye unavyotaka. Nani atakuuliza?" Nikaona kwamba ni ushauri mzuri na nikaamua kuufuata.

Lakini Vlasta alikuwa akijitayarisha. Tunduni mlikuwa na viwavi ishirini na sita waliokwisha kujining'iniza na kujifunga kwenye vifuko vyao vya kijani vyenye vitone vya dhahabu. Tarehe 30 Septemba alianza kunitajia kila kifuko kitakuwa cha marehemu yupi. Hiki cha baba yako. Hiki cha mama yetu. Halafu akasema, akiniita kwa jina la utotoni, "Na mwakani, Lojza, cha mwisho utanirushia mimi." Sikuweza tena kunyamaza.

Kesho yake baada ya chai nilichukua madaftari, nikakaa kando ya kitanda, nikamsomea hesabu, mwaka baada ya mwaka, bila kutia maneno yangu. Kisha nikamweleza ya Bi Cantu. Alisikiliza macho yakiwa darini.

"Rudia mwaka wa ile baridi kuu," akasema.

Nikarudia.

"Ningeyaacha yafe."

"Ndiyo."

"Nawe ulikuwa ukiandika haya yote?"

"Kila siku, dada."

"Miaka thelathini na mmoja kwenye mizani, na hukujumlisha?"

Nikafunga daftari. Akacheka kicheko kilichomuumiza mbavu. "Basi tuko wajinga wawili nyumba moja. Mmoja anapanda, mwingine anaandika." Akageukia ukutani, na siku ile hakula.

Asubuhi ya pili aliniambia nilete vile vifuko ishirini na sita na bahasha. Alisema mikono iliyowalea ndiyo itakayowamaliza. Alivitia mwenyewe, kimoja kimoja, akiketi kitini jikoni, mimi nikishika bahasha wazi. Kisha nikaviweka kwenye friza, chini ya soseji, kwa sababu Bi Cantu alisema baridi huwalaza bila maumivu. Vlasta alitaka kujua kama kweli hawaumii. Nikasema mwalimu ndivyo alivyosema. Akaniambia, "Hujibu nilichokuuliza."

Kisha akadai orodha. Majina yote ya nyumba alizopelekea vyungu yalikuwa kwenye shajara, ishirini na tatu, na lako la ishirini na nne kwa sababu uko mbali. Akasema atakwenda kila mlango mwenyewe. Muuguzi alikataa. Vlasta akamwambia, "Mwanangu, unanilinda ili iweje? Nisife?" Muuguzi akatusaidia kumpandisha kwenye pikapu na mito miwili.

Tulianza na kaburi la baba yako ili tusimwambie mtu jambo ambalo hatujalifanya wenyewe. Nilichimba taratibu. Udongo umerudishwa na kusawazishwa, na jiwe sijaligusa. Alikuwa kaka yetu kabla hajawa baba yako, na bado najua nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe.

Tulipita nyumba nne au tano kwa siku, Vlasta akiwa na nguvu. Mimi nilibisha hodi, wenyewe wakaja dirishani kwake. Emil alijaribu kumchekesha. "Nilijua tu utakuja kudai maua yako. Sijapata kumjua mwanamke asiyerudi kuchukua vitu vyake." Lakini aling'oa mbele yetu, kisha akaenda kwenye kaburi la marehemu mkewe kuomba radhi, nilimwona kwa mbali akiwa amevua kofia. Delfina Trevino, yule aliyemzika mtoto mchanga mwaka jana, hakuuliza swali. Aliingia ndani, akatoka na glavu, akapanda nyuma ya pikapu, tukampeleka makaburini. Aling'oa, akafunga mfuko, akasema ahsante. Vlasta alilia njia nzima kurudi nyumbani, na hiyo ni mara ya pili tu maishani mwangu kumwona akilia.

Anezka Bartosh alikuwa wa mwisho, kwa makusudi. Wanafahamiana tangu darasa la kwanza. Alisimama dirishani na aproni yake, unga mikononi.

"Uliniambia mwenyewe, Vlasta. Ulisema, 'Wakitua pale, jua amekusalimu.' Mwaka wa tisa sasa Ludvik ananisalimu. Leo unataka ning'oe mume wangu?"

"Nilisema hivyo. Nilikosea."

"Hukukosea. Ni hayo madawa unayokunywa yanasema."

"Anezka, wanaotua pale wanaondoka wagonjwa."

"Na mimi nikiondoka pale naondoka mzima! Hilo umeliandika, wewe Alois, kwenye madaftari yako?" Akanigeukia kidole kikiwa puani pangu. "Liandike." Akaingia ndani, na mlango akaufunga kwa mguu.

Nililiandika, tarehe 19 Oktoba.

Siku ya Marehemu Wote ilikuwa Alhamisi. Mwaka huu hakukuwa na visanduku. Padri aliwaeleza watu kwa sentensi mbili, naye alifanya vizuri kutoongeza ya tatu. Mishumaa iliwashwa saa kumi jioni, jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimeegesha pikapu kando ya lango, Vlasta ndani, kioo kimeshushwa. Watu walimpungia mkono na kupita upesi. Sikupenda walivyopita.

Ndipo wakaja. Upepo ulikuwa wa kaskazini, nao wakaja nao, mia kadhaa, chini kabisa, juu ya misalaba. Kwenye makaburi yetu yaliyo wazi hapakuwa na cha kuwashusha, na wengi wakapita moja kwa moja. Lakini juu ya Ludvik kile kichaka kilikuwa chekundu kizima. Walitua pale, na watu wote wakakimbilia pale na simu zao. Mtu mmoja akapiga makofi. Nikamsikia mwanamke akisema, "Si tuliambiwa yana sumu? Sumu iko wapi?"

Anezka alikuja dirishani kwetu akitembea kama msichana. "Umeona? Umeona, Vlasta?"

Shangazi yako akatoa mkono, akaushika wake. "Nimeona. Ni wazuri. Wametoka Kanada na mabawa mazima, Anezka, na wanayatia vumbi pale, sasa hivi, sisi tukitazama. Ng'oa."

Anezka hakuutoa mkono wake. Nilifikiri atamtukana. Akasema, "Siwezi. Mimi siwezi. Mwambie huyu."

Nikachukua sepetu na mkasi. Watu waliniachia njia, na hakuna aliyesema kitu usoni pangu, ingawa nyuma yangu nilisikia. Kwanza niliwapeperusha kwa kofia. Waliruka, wakarudi, nikawapeperusha tena. Nilikata matawi, kisha nikachimba. Mizizi ya miaka tisa imeshika, Ludmila, na nilichimba mtu akiwa chini yake na mkewe kasimama pembeni akinishikia mfuko. Hadi leo hajanisemesha. Wafalme walizunguka juu ya shimo kwa muda wakitafuta ua ambalo halikuwepo tena, halafu mmoja mmoja wakapanda na kushika upepo.

Nilirudi garini na udongo mpaka viwikoni.

"Walikuwa wangapi waliotua?" Vlasta akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Wameondoka wote?"

"Wote."

Akapandisha kioo mwenyewe, ingawa ilimchukua muda, akaniambia tuende nyumbani.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ukishang'oa mche wako, usiache ardhi tupu. Uliza hukohuko kwenu ni mmea upi wa utomvu mweupe ulio wa porini pale pale, unaokufa wakati wake ukifika, uupande huo, na ukianza kufa uuache ufe. Kona ya nondo hapa tumeiacha, kwa kuwa ugonjwa huu si wao. Yale maua meupe yanayofunguka wakati wa magharibi bado yanawaleta wale nondo wakubwa wanaoning'inia hewani wakinywa, na Vlasta huwatazama kutoka dirishani kabla hajalala. Majani makavu yaliyo chini pale sifagii, maana watoto wao wamelala humo. Bustani iliyobaki ni udongo. Nitapanda za porini mwezi wa Februari. Yeye anajua hatakuwepo kuziona, nami najua, na hatulizungumzi.

Niandikie upesi kwamba umeng'oa. Kadi ya mstari mmoja yatosha. Kila asubuhi ananiuliza kama posta imekuja, na kwenye orodha yake jina lako ndilo pekee ambalo bado halijafutwa. Ukiwa na hasira na mimi, ziandike kwenye karatasi nyingine, na nitazisoma zote.

Nisalimie Rogelio, na umbusu Josefina kwa niaba yetu wawili. Mama yako Georgina mwambie nampigia simu Jumapili. Emil anakusalimu. Vlasta anasema uvae kofia juani.

Mungu akutunze wewe na wote waliomo nyumbani mwako, awape usingizi mwema na awaondolee kila dhara tusilolijua.

Ndimi baba yako mdogo, nikupendaye na ninayekuomba radhi,

Alois